Bibi, Bi, Siti, Mwana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majina ya heshima ya wanawake

Maswali haya huulizwa na watu wa kila namna: mwanafunzi anayeandika barua ya kuomba kazi, mhariri wa habari, bwana harusi anayechapisha kadi, mgeni aliyefika Tanga au Lamu na hajui amwiteje mama mwenye nyumba. Mengi yanazunguka neno moja, Bibi, pamoja na Bi. Ndiyo maana nimeanzia hapo. Mwana, Siti na Mama yanaingia njiani, kwa kuwa ni vigumu kulieleza moja bila kuyagusa mengine.

Bibi maana yake nini hasa?

Inategemea nani anasema na yuko wapi. Tanzania, neno hili likisimama peke yake, maana ya kwanza kumjia msikilizaji ni mama yake mama au mama yake baba. Likitangulia jina la mtu, kama Bibi Titi au Bibi Khadija, ni neno la heshima kwa mwanamke mzima, kama Bwana lilivyo kwa mwanamume. Kenya na Kongo, ukisema "bibi yake" wengi wataelewa mke wake. Ipo na maana ya nne, ambayo siku hizi hukutwa zaidi katika hadithi na maandishi ya kale: mwanamke mwenye mali na amri, mwenye nyumba na watu walio chini yake. Hiyo ya nne nitairudia hapa chini, kwa sababu asiyeijua hawezi kuona uzito wa hizo nyingine.

Bi ni neno jingine, au ni Bibi lililofupishwa?

Ni Bibi lililofupishwa. Tofauti iko kwenye matumizi. Bibi laweza kusimama lenyewe: "Bibi amelala." Bi haliwezi, lazima lifuatwe na jina au neno la kulikamilisha, kama Bi Asha, bi harusi, bi mkubwa. Pwani limeshikana na majina mpaka likawa sehemu yake, ndipo tukapata kina Bimkubwa, Biubwa na Biasha, ambao wanaandikwa hivyo hata kwenye vyeti vya kuzaliwa. Mtu anayeitwa Bimkubwa anaweza kuwa kitinda mimba wa nyumba nzima.

Nilifundishwa shuleni kwamba Bi ni kwa asiyeolewa na Bibi ni kwa aliyeolewa. Ni kweli?

Wapo wanaofundisha hivyo, na zipo fomu zinazoweka "Bw./Bibi/Bi." kana kwamba ni ngazi tatu. Maoni yangu ni kwamba mgawanyo huo umeletwa na makaratasi ya ofisi za kikoloni, ambako kila mwanamke alitakiwa aeleze kwanza kama ana mume ndipo aandikwe. Kiswahili cha pwani hakikuwa na haja hiyo. Bi Asha ni Bi Asha akiwa mwari, akiwa ameolewa, akiwa ameachwa au mjane. Heshima yake haipandi wala kushuka kwa habari za ndoa yake, kama vile Bwana Juma haulizwi ana mke au hana kabla ya kuitwa Bwana.

Kwa hiyo ukijaza fomu ya namna hiyo huna la kufanya, jaza. Lakini ukiwa wewe ndiye unayetengeneza fomu, andika "Bw./Bi." na umalizie hapo. Hakuna kitakachopungua.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Limekuja na bahari. Linapatikana katika Kiajemi na katika lugha za Bara Hindi likiwa na maana ya mwanamke wa heshima, na watu wa pwani yetu wamefanya biashara na watu wa pande hizo kwa karne nyingi. Huko Bara Hindi bibi mara nyingi hukaa baada ya jina, kwetu hutangulia.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote uko Oman. Qalhat, bandari ya kale iliyoko kaskazini ya Sur, bado kuna kaburi lenye kuba linalojulikana kuwa la Bibi Maryam, mwanamke aliyeshika mamlaka ya mji huo. Ibn Battuta, yule yule msafiri aliyeielezea Kilwa, alifika Qalhat katika karne ya 14, akausifu msikiti alioujenga Bibi Maryam, kisha akawaeleza wasomaji wake wa Kiarabu kwamba bibi, kwa watu wa pale, ni mwanamke huru, yaani mwungwana. Basi tangu karne hizo, na katika bandari iliyofanya biashara na pwani yetu, neno hili lilikuwa limeshabeba maana ya uungwana. Mwungwana ni nani? Kwa Kiswahili cha zamani, ni mtu asiye mtumwa.

Ndiyo kusema zamani Bibi alikuwa ni mwanamke mwenye watumwa?

Ndiyo, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Katika miji ya Unguja, Mombasa, Lamu na Bagamoyo ya karne ya 19, mtumwa alimwita aliyemmiliki bwana ikiwa ni mwanamume na bibi ikiwa ni mwanamke. Mabibi hao walikuwa na mashamba, nyumba za mawe na watu wa kuwatumikia. Kule Bungi, kusini ya mji wa Unguja, yapo magofu ya jumba la Bi Khole, binti wa Sayyid Said bin Sultan, na barabara ya hapo imepangwa miembe mikubwa pande zote mbili ambayo inahusishwa na jina lake hadi leo. Watu husema tu "Bikhole", na kila mmoja anajua ni wapi.

Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Hapo ndipo habari ya neno hili inapokuwa ya maana sana kwangu. Wanawake waliotoka utumwani waliweka kando kaniki na merikani, nguo ambazo zilimtangaza mvaaji kuwa mtumwa hata kabla hajafungua mdomo, wakavaa kanga. Wakajifunga buibui kama waungwana. Na walipokuwa wakiitana uani, kisimani na kwenye ngoma, wakaitana Bi: Bi Mwajuma, Bi Zafarani, Bi Faida. Neno ambalo wao au mama zao walilitamka kwa kuinamisha kichwa mbele ya mtu mwingine, sasa wakawa wanapeana wenyewe kwa wenyewe.

Wahenga walisema heshima si utumwa. Methali hiyo husemwa sana kumshauri kijana asione aibu kumwamkia mkubwa wake, lakini katika miji iliyojua utumwa wa kweli naona ilikuwa na ukali zaidi ya huo. Iliwezekana sasa kumheshimu mtu bila kuwa mali yake. Bi lilibaki, utumwa ukaondoka. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema tulitupe neno hili kwa sababu ya historia yake. Wale waliokuwa na haki ya kulitupa ndio waliolichukua.

Siti ni jina au ni cheo?

Kwa asili ni neno la heshima, kutoka Kiarabu, na maana yake iko karibu sana na Bibi. Lilipata umaarufu Afrika Mashariki kwa mwanamke mmoja.

Siti binti Saad alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, kwenye miaka ya 1880, kwa wazazi wenye asili ya utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na yeye mwenyewe alitembea akiuza vyungu. Alihamia mjini akaimba taarabu, akaimba kwa Kiswahili wakati wakubwa walitaka kuimbiwa Kiarabu, na mjini huko ndiko alikopewa jina la Siti. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikafika kila palipokuwa na gramafoni kuanzia Lamu mpaka Kongo. Alifariki mwaka 1950.

Lifikirie hilo: mtoto aliyepewa jina la Mtumwa akazikwa akiitwa Siti. Na watu hawakumtaja "Siti" kwa sababu ya mume, wala nasaba, wala mashamba ya mikarafuu. Walimwita hivyo kwa kazi aliyoifanya kwa koo lake. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipolipa jarida lake jina la Sauti ya Siti, kilijua kinachukua jina gani.

Leo Siti ni jina la kawaida la mtoto wa kike, na wengi wanaoitwa hivyo hawafikirii kwamba ni cheo.

Kabla ya Bibi, wanawake wa pwani waliitwaje?

Waliitwa Mwana. Hili ndilo jina la heshima la asili yetu ya Kibantu, na wengi wa leo hawalitambui kwa sababu wanaliona kama sehemu ya jina tu. Katika masimulizi ya Mombasa, malkia wa kale wa mji anaitwa Mwana Mkisi. Zanzibar ya karne ya 17 ilikuwa na malkia aliyeitwa Mwana Mwema, aliyewakaribisha Waomani dhidi ya Wareno. Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Na Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Mama na binti wote wawili wanatajwa kwa cheo hicho hicho.

Wanaume wa hadhi kama hiyo waliitwa Mwinyi au Mwenyi, kama Mwinyi Mkuu aliyekaa Dunga. Baadaye Bwana na Bibi yakasambaa kuliko hayo. Lakini Mwana halikufa. Limejificha ndani ya Mwanaisha, Mwanakombo, Mwanahamisi, Mwanajuma, Mwanaidi. Ukiwa na mwanafunzi darasani anayeitwa Mwanaisha, jina lake ni Aisha, na heshima imetangulia. Wanaokata wakabaki na "Mwana" peke yake, au wanaodhani maana yake ni "mtoto wa Aisha", wanakosea.

Bibi Titi Mohamed aliitwa Bibi kwa sababu alikuwa mzee?

Hapana, na ni swali zuri kwa sababu vijana wengi hufikiri hivyo. Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alipokuwa akiongoza tawi la wanawake la TANU kuanzia mwaka 1955, alikuwa hajafika miaka thelathini. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na ni kupitia vikundi vya namna hiyo, vya wanawake wa mjini ambao wengi hawakupita shule, ndipo alipowaingiza maelfu katika harakati za uhuru. Bibi hapo ni heshima ya mwanamke mzima anayesimama mbele za watu akasikilizwa.

Alikuja kuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika na naibu waziri. Baadaye akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akaachiwa mwaka 1972. Katika miaka mingi ya ukimya iliyofuata watu hawakuacha kumwita Bibi Titi. Alifariki mwaka 2000. Barabara inayopita Mnazi Mmoja, katikati ya Dar es Salaam, ina jina lake, na makondakta wa daladala wanalitamka kamili: Bibi Titi. Hakuna anayesema "Titi" tupu. Nadhani hakuna anayeweza.

Na Bi Kidude?

Jina lake alikuwa Fatuma binti Baraka, wa Zanzibar, mpiga ngoma ya unyago na mwimbaji aliyefuata nyayo za Siti. Kidude ni jina la utani la utotoni. Kinachopendeza ni jinsi maneno mawili yanavyokaa pamoja: jina la mzaha, la kitu kidogo, limetanguliwa na neno la heshima, na pamoja yakawa jina lililojulikana duniani. Alifariki Aprili 2013.

Bi linafuatwa na jina gani: lake, la baba yake au la mume wake?

Lake. Hapa ningependa kusimama kidogo, kwa sababu ni jambo tunalolipoteza huku tukiona.

Ada ya pwani ni kwamba mwanamke anabaki na jina lake na la baba yake maisha yote. Siti binti Saad, Mwana Kupona binti Msham, Fatuma binti Baraka: wote waliolewa, na hakuna aliyebadilishwa jina. Sheria ya Kiislamu nayo inampa mwanamke nasaba ya baba yake hata baada ya ndoa. Kwa hiyo heshima inawekwa mbele ya jina la mtu mwenyewe: Bi Fatuma, Bi Kupona, Bi Saada.

Sasa chukua kadi ya harusi ya siku hizi: "Bw. na Bi. Hamisi Juma wanayo furaha kukualika..." Mama aliyebeba mimba ya huyo anayeozwa, aliyekesha naye, aliyekusanya vijora na vyombo, ametajwa kwa herufi mbili, na jina lake halimo. Si lazima iwe hivyo. "Bw. Hamisi Juma na Bi. Rehema Salum" inaingia kwenye mstari mmoja vizuri kabisa. Ukiwa unachapisha kadi, nakuomba uiandike hivyo.

Magazeti ya Kenya yana mtindo wao: humtaja mtu kwa jina la mwisho, hivyo utakuta "Bi Karua" anapotajwa Martha Karua. Ni utaratibu wa uandishi wa habari na unaeleweka vizuri huko. Katika mazungumzo ya uso kwa uso Mombasa au Malindi, lakini, bado atakuwa Bi na jina lake la kwanza.

Mbona Wakenya wanamwita mke "bibi"?

Kwa sababu maana hiyo ni ya zamani na ipo pia katika Kiswahili cha Tanzania cha vizazi vilivyopita. Ukisoma hadithi za kale utakuta "bwana na bibiye", yaani mume na mkewe. Kenya na mashariki ya Kongo maana hiyo iliendelea kuishi. Bara la Tanzania maana ya mama mzaa mzazi ikaifunika, na mke akabaki mke.

Matokeo yake ni kutoelewana. Mkenya aliyehamia Arusha akisema "bibi yangu amejifungua jana", wenzake kazini watashangaa. Mtanzania aliyeko Nairobi akiomba ruhusa "kwenda kumwuguza bibi", bosi anaweza kudhani ana mke mgonjwa. Kenya huyo mzazi wa mzazi anaitwa nyanya, neno ambalo kwa Mtanzania wa leo ni kiungo cha mchuzi, ingawa kamusi zinalitambua kwa maana zote mbili. Nairobi utasikia pia shosho au cucu.

Ukiandika kwa wasomaji wa nchi zote, tumia "mke" kwa mke, na kwa yule mwingine sema "bibi mzaa mama" au "bibi mzaa baba". Hapo hapana atakayepotea.

Nitaongeza jambo moja. Kuna utani wa kale kati ya bibi na wajukuu: bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na mjukuu humlalamikia babu kwamba amemchukulia mke. Watoto wengi wa Tanzania wamekua wakisikia hivyo, kwa hiyo maana hizi mbili hazikutani kwa mara ya kwanza kwenye mpaka wa Namanga.

Bi mkubwa ni nani?

Kwenye nyumba ya wake wengi ni mke wa kwanza, na bi mdogo ni aliyeolewa baada yake. Kwa watu wa Dar es Salaam, "bi mkubwa" ni mama mzazi pia: "Bi mkubwa anaumwa, naenda Temeke kumwona." Unaweza kumwita hivyo hata mama wa makamo usiyemjua sokoni, nayo ni heshima. Angalia tu usimwite hivyo mwanamke ambaye mume wake ameoa mke mwingine hivi karibuni, kama hujui anavyolichukulia.

Bibi shamba na bibi maendeleo?

Ni maofisa. Bwana shamba ni mtaalamu wa kilimo wa kijiji. Akiwa mwanamke ni bibi shamba. Ndivyo hivyo kwa bwana afya na bibi afya, bwana maendeleo na bibi maendeleo. Binti wa miaka ishirini na minne aliyemaliza chuo cha kilimo jana ni bibi shamba leo, na wazee wa kijiji watamwita hivyo bila kusita.

Lini niseme Mama badala ya Bi?

Mama ndilo limetawala sasa, hasa bara. Lina njia mbili. Ya kwanza ni Mama na jina la mtoto: Mama Salma, Mama Juma. Ya pili ni Mama na jina lake au la ukoo, kwa wanawake walio katika nafasi kubwa: Mama Maria Nyerere, Mama Ngina Kenyatta, Mama Samia.

Mama lina joto ambalo Bi halina. Ukiitwa Mama umeshaingizwa katika familia. Bi linaacha nafasi kidogo kati ya watu wawili, na nafasi hiyo wakati mwingine ndiyo heshima yenyewe. Kazini, mahakamani, kwenye kikao, ningechagua Bi au cheo cha kazi: Mwalimu, Dokta, Mheshimiwa. Mwanamke ambaye hana mtoto hana haja ya kukumbushwa hilo kila anapoitwa, na aliye na mtoto ana jina lake pia. Enzi za TANU na miaka ya ujamaa tulikuwa na Ndugu, lililomfaa mwanamume na mwanamke sawasawa. Ndani ya CCM bado linatumika, na natamani lingetumika zaidi.

Je, Bibi linaweza kuwa tusi?

Lenyewe, hapana. Namna ya kulitamka, ndiyo. "Bibie" likisemwa na mwanamke kwa shoga yake ni la mapenzi. Likisemwa na kijana wa mtaani akimfuata msichana njiani ni usumbufu. "Sikiliza, we bibi" katika ugomvi wa foleni ni dharau, kwa sababu jina limeondolewa na "we" limewekwa.

Linaloniumiza zaidi ni maneno yanayowekwa mahali pa Bibi mwanamke akishazeeka: ajuza, kikongwe, bikizee. Yana nafasi yake katika hadithi. Lakini angalia vichwa vya habari kutoka Shinyanga, Mwanza na jirani zake katika miaka ya mauaji ya wazee wanawake walioshukiwa uchawi, wengi kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia. "Kikongwe auawa." Hana jina, hana ukoo, hana Bi. Mtu aliyelea watoto na wajukuu anatajwa kama kitu kilichochakaa, na msomaji anageuza ukurasa. Mhariri akiandika "Bi. Fulani, mwenye umri wa miaka 70, ameuawa", habari inakuwa ni ya mtu. Nawasihi waandishi: wapeni jina lao na Bi lao, hasa pale walipokosa kila kitu kingine.

Nikiandika barua rasmi, utaratibu ni upi?

Ukifupisha, weka nukta: Bi. Rehema Salum, Bw. Hamisi Juma. Magazeti mengine huiacha nukta. Chagua njia moja uishike barua nzima. Cheo cha taaluma huchukua nafasi ya Bi, usivipange vyote: andika Dkt. Rehema Salum, usiandike "Bi. Dkt." Aliyehiji huweza kuitwa Hajjat, na wengi wanapenda itajwe. Hotubani tunasema "Mabibi na Mabwana", mabibi wakitangulia.

Kwenye kadi, "bi harusi", "bibi harusi" na "biarusi" yote yanaandikwa na watu wanaojua Kiswahili. Lisikusumbue.

Ni "bibi yangu" au "bibi wangu"?

Bibi yangu, kama baba yangu na dada yangu. Wengi wao: bibi zangu. Lakini kitenzi kinafuata watu: bibi yangu amekuja, bibi zangu wamekuja.

Kuna wanawake wanaokasirika wakiitwa Bibi. Nifanyeje?

Mara nyingi ni wanawake wa mjini, wa miaka arobaini au hamsini, ambao wanasikia "mzee" ndani ya neno hilo. Wana haki. Jua kwamba "Bibi" tupu, bila jina, kwa Mtanzania wa leo linagusa umri. "Bi" pamoja na jina haligusi. Kwa hiyo kama unamjua jina, Bi Rehema linatosha. Kama humjui, mwamkie kwanza. Akiwa amekuzidi umri wa kutosha kukuzaa, "Shikamoo, mama" ndiyo njia salama kutoka Tanga hadi Kigoma. Akiwa wa makamo yako au amekuzidi kidogo, "Habari, dada". "Shikamoo, bibi" iache kwa yule mwenye mvi anayeonekana wazi kuwa na wajukuu. Huyo atakuitikia "Marahaba, mjukuu wangu" na pengine akuonyeshe mahali pa kukaa. Kisha muulize: "Samahani, nikuite nani?" Akisema Mama Salma, basi ni Mama Salma, hata kama ukurasa mzima huu unakwambia vingine.